Jicho la Angani na Maafa ya West Nile

Tarehe 27 Agosti 2020 watoto kumi walipoteza maisha kwa radi huko Arua. Walikuwa wakicheza mpira, na mvua ilipowakuta wakakimbilia ndani ya kibanda kilichoezekwa kwa nyasi, kama ambavyo mtoto yeyote angefanya, na kama ambavyo mzazi wake angemwamuru kufanya. Wingu la radi halizuki kwa mara moja. Huchukua muda kujijenga, na kwa muda wote huo linaonekana waziwazi kutoka mahali pamoja: umbali wa kilomita 36,000 juu ya ardhi, ambako satelaiti za hali ya hewa hukaa juu ya mstari wa ikweta zikiitazama Afrika usiku na mchana.

Ikiwa wingu linaonekana, basi yafaa kuuliza ni nini huizuia habari yake isimfikie mama aliyeanika mihogo Koboko, au mwalimu aliye uwanjani na wanafunzi wake. Jibu lake lina sehemu mbili. Moja iko juu angani, na hiyo ndiyo iliyo rahisi.

MLINZI NA DORIA

Satelaiti zinazoitazama dunia kwa ajili ya hali ya hewa na maafa ni za namna mbili kubwa. Za kwanza ni hizo zilizo mbali sana. Kwa kuwa zinazunguka kwa mwendo ulio sawa na mzunguko wa dunia yenyewe, huonekana kana kwamba zimesimama juu ya mahali pamoja daima. Satelaiti za Ulaya ziitwazo Meteosat ni za namna hiyo, nazo hupiga picha ya bara zima la Afrika kila baada ya dakika 10 au 15. Za pili huruka chini zaidi, kilomita mia chache tu, na huizunguka dunia mara moja kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Hizo huona vitu vidogo zaidi, lakini hupita juu ya Arua kwa dakika chache na kwenda zake. Satelaiti za Marekani ziitwazo Landsat, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, kila moja hurudi mahali palepale baada ya siku 16. Zile za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, zikiwa mbili, hurudi kila baada ya siku tano na kuonyesha kitu chenye upana wa mita 10.

Askari ataielewa tofauti hii upesi. Moja ni mlinzi aliye juu ya mnara, haondoki, lakini yuko mbali. Nyingine ni doria: inapita karibu na kuona mengi, kisha haipo. Nchi yenye busara huhitaji zote mbili.

Shida ya kamera ya kawaida ni mawingu. Katika West Nile mvua hunyesha tangu Machi au Aprili hadi Novemba, na kilele chake ni kati ya Agosti na Oktoba. Yaani wakati hasa ambapo picha inahitajika, ndipo pazia linapofungwa. Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia rada. Satelaiti ya Sentinel-1, ambayo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, haitegemei mwanga wa jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe, nayo hupenya mawingu na giza. Ardhi yenye majani, mawe na nyumba huyarudisha mawimbi hayo. Maji yaliyotulia huyatupa upande, kama vile tochi ikimulikwa kwa mshazari juu ya beseni la maji usiku: mwanga huenda mbele, na aliyeshika tochi huona weusi mtupu. Hivyo katika picha ya rada mafuriko huonekana kama doa jeusi mahali ambapo juzi palikuwa na shamba.

Ndivyo ilivyokuwa Machi 2019, Kimbunga Idai kilipoupiga mji wa Beira katika Msumbiji na kuua watu zaidi ya 600 katika nchi hiyo peke yake. Barabara zilikatika na simu zikanyamaza. Picha za rada ndizo zilizowaonyesha waokoaji kwamba bara karibu na pwani limegeuka ziwa. Picha hizo zilitolewa bila malipo chini ya mkataba wa kimataifa wa mashirika ya anga, ambao ulianza kufanya kazi Novemba 2000, na ambao kwa huo nchi iliyopatwa na maafa makubwa inaweza kuomba satelaiti za nchi nyingine zielekezwe kwake.

BARABARA MOJA, MTO MMOJA

Arua na Koboko ziko katika nchi ya juu, mbali na kingo za Nili, na mtu anaweza kudhani kwamba mafuriko ni mambo ya wengine. Mwishoni mwa Novemba 2024 dhana hiyo ilivunjika. Mvua kubwa ilijaza maji upande wa Pakwach, na barabara itokayo Karuma ikakatwa karibu na mto Tangi. Barabara hiyo ndiyo koo la West Nile. Sukari, sabuni, dawa, mafuta ya magari, barua za mishahara na askari wanaorudi kutoka likizo, vyote hupita hapo. Mabasi na malori yalisimama ng'ambo zote mbili. Aliyelazimika kusafiri iliyobaki ilikuwa njia ndefu ya kuzunguka Adjumani, kuvuka kwa kivuko cha Laropi na kushuka kwa Moyo na Koboko. Katika siku hizohizo, tarehe 27 Novemba, mlima uliporomoka huko Bulambuli, mashariki ya Uganda, na kufukia nyumba na watu wake. Hivyo waokoaji wa taifa walikuwa na maafa mawili mikononi, moja kila pembe ya nchi.

Mafuriko ya namna ya Tangi huja upesi, kwa saa chache, na doria ya angani ikiwa haipo huyakosa. Hapo ndipo mlinzi wa mnara anapohitajika. Meteosat hupima joto la kilele cha wingu. Wingu lililo refu sana huwa na kilele chenye baridi kali, na kwa kawaida ndilo lenye mvua kubwa. Kwa kuhesabu saa ambazo kilele hicho baridi kimekaa juu ya mahali fulani, wataalamu hukadiria kiasi cha mvua iliyonyesha. Ni makadirio tu. Lazima yalinganishwe na maji yaliyopimwa kwa mkono katika vituo vya ardhini kama kile cha Arua, ambako mvua ya mwaka hufika milimita 1,400 hivi. Mtu anayedhani kwamba satelaiti zimewastaafisha wapima mvua amekosea sana: kipimo kidogo cha bati katika uwanja wa kituo ndicho kinachoifundisha satelaiti kusema kweli.

Mafuriko ya Nili yenyewe ni ya tabia nyingine. Huja polepole, hukaa muda mrefu, na huweza kutabiriwa miezi mbele. Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalifika kipimo cha mita 13.42 huko Jinja, yakaivuka rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa Mei 1964. Maji hayo hayana njia nyingine isipokuwa kushuka kwa Ziwa Kyoga, kisha Ziwa Albert, kisha Pakwach, Obongi, Adjumani na Moyo. Na kweli yalishuka. Wavuvi na wakulima wa kingoni wakahama, na vijiji vya Panyimur vikaona ziwa likiingia uani. Katika jambo hili satelaiti ni mwalimu mzuri kuliko wote. Chombo chenye rada hutuma wimbi kuelekea uso wa ziwa na kuupima muda wa kurudi kwake. Kwa hesabu hiyo hujulikana kama ziwa limepanda au limeshuka, kwa sentimita chache tu. Kazi hiyo imefanywa juu ya maziwa ya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1990. Familia inayoishi kandokando ya Nili haina haja ya kushtukizwa na maji ya namna hii, maana yamekwisha kuonekana yakiwa bado Jinja.

NZIGE WALIOTOKA MCHANGANI

Hata hivyo jicho peke yake halifanyi kazi. Hakuna mfano ulio wazi kuliko nzige wa jangwani.

Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, vilileta mvua isiyo ya kawaida katika jangwa la Rub al Khali, mpakani mwa Oman na Saudia. Mvua kama hiyo juu ya mchanga huonekana kutoka angani, na majani yanayoota baada yake huonekana pia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hutumia picha hizo kila siku kutafuta mahali nzige wanapoweza kuzaana. Lakini jangwa lile halina barabara wala maji, na watu hawakufika. Nzige wakazaa vizazi vitatu mfululizo bila kuguswa. Wakavuka Yemen, wakaingia Pembe ya Afrika, na tarehe 9 Februari 2020 wakaingia Uganda kwa Amudat, katika Karamoja. Askari wa jeshi la Uganda ndio waliopelekwa kupambana nao, wakiwa na pampu za dawa mgongoni, wakiamka kabla ya mapambazuko kwa kuwa nzige hunyunyiziwa wangali wametua.

Kwa jamaa za askari waliobaki nyumbani huenda ilionekana kichekesho kwamba mtu aliyefundishwa bunduki anatumwa kupigana na wadudu. Kundi la nzige lenye ukubwa wa kilomita moja ya mraba laweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Kazi ya jeshi haikuwa mzaha.

BINTI WA UGANDA NA UKAME WA KARAMOJA

Habari ya Karamoja ina upande mwingine ulio mwema. Jani zima, lenye afya, hurudisha kwa wingi mwanga fulani ambao jicho la binadamu haliuoni. Jani linalonyauka hurudisha kidogo. Satelaiti huona tofauti hiyo wiki kadhaa kabla mkulima hajakata tamaa. Dakta Catherine Nakalembe, mwanasayansi wa Uganda anayefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Maryland huko Marekani, aliutumia ujuzi huo kuchunguza ukame wa Karamoja, akizunguka mashambani na kuongea na wakulima ili kulinganisha picha na hali halisi. Kutokana na kazi ya namna hiyo serikali, katika mpango wake wa maendeleo ya kaskazini, iliweka utaratibu mpya: majani yakishuka chini ya kipimo kilichokubaliwa, fedha za kazi za umma zitolewe mara moja, bila kungoja njaa ionekane kwa macho. Nakalembe alipotunukiwa Tuzo ya Chakula ya Afrika mwaka 2020, ilielezwa kwamba kazi yake iliwasaidia watu 84,000 wa Karamoja kuepuka balaa kubwa zaidi la hali ya hewa.

West Nile si Karamoja. Mvua yake ni nyingi na ardhi yake hutoa mihogo, simsim, mtama, maharagwe na tumbaku. Lakini kitu kimoja ndani ya picha za West Nile kinatisha. Kabla ya Agosti 2016 mahali paitwapo Bidibidi, katika Yumbe, palikuwa vichaka na nyasi. Katika muda wa miezi michache wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini walipewa hifadhi hapo, na hali kadhalika makambi ya Rhino Camp na Imvepi yakajaa. Koboko nayo ina Lobule, inayowahifadhi Wakongo tangu 2013. Ukarimu huo umesifiwa ulimwenguni, na wastahili sifa. Ila kila nyumba hupika, na kila chungu hudai kuni. Picha za satelaiti zilizolinganishwa mwaka kwa mwaka zimeonyesha miti ikipungua kuzunguka makambi. Wenyeji pia hawawezi kujitoa katika lawama, kwani tumbaku hukaushwa kwa kuni nyingi kuliko ugali wa jamaa nzima. Mti ukiondoka mtelemkoni, mvua ya Agosti huteremka na udongo hadi mtoni, na mto wenye tope hufurika upesi.

Kwa upande wa faida, picha hizohizo zimewawezesha watu wa kujitolea, wengine wakiwa mbali sana na Uganda, kuchora ramani za makambi nyumba kwa nyumba, kisima kwa kisima. Ofisa wa polisi anayetafuta njia ya kumfikia mgonjwa wa kipindupindu wakati daraja limezama ataithamini ramani ya namna hiyo kuliko hotuba kumi.

SATELAITI YA KILO MOJA

Uganda ilirusha satelaiti yake ya kwanza tarehe 7 Novemba 2022. Iliitwa PearlAfricaSat-1. Ilitengenezwa na wahandisi watatu vijana, Edgar Mujuni, Bonny Omara na Derrick Tebusweke, waliokwenda kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu huko Japani. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uzito wake kilo moja hivi. Roketi iliyotoka Virginia, Marekani, iliipeleka katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, nayo ikaachiwa kutoka humo tarehe 2 Desemba mwaka huohuo, pamoja na satelaiti ya kwanza ya Zimbabwe. Mitambo ya ardhini ya kusikiliza ishara zake iliwekwa Mpoma, wilaya ya Mukono.

Vyombo vidogo vya aina hiyo havidumu. Hushuka polepole na kuungua hewani baada ya mwaka mmoja au miwili hivi. Satelaiti hiyo ilikuwa shule zaidi kuliko ngao, na si aibu kusema hivyo. Kenya nayo ilianza kwa kidogo: ya kwanza ikaachiwa kutoka kituo hichohicho Mei 2018, na Taifa-1 ikafuata Aprili 2023. Wazee wa pwani watakumbuka jambo la zamani zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Hiyo haikuitazama dunia bali nyota.

Kwa kazi ya kila siku Uganda hutegemea picha za wengine, ambazo nyingi hutolewa bure. Landsat zimekuwa bure tangu 2008. Kituo cha ramani cha nchi za Afrika kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975, ambacho Uganda ni mwanachama wake, pamoja na kituo cha IGAD cha hali ya hewa, huzichambua na kuzigawa. Utabiri wa msimu wa Juni hadi Septemba, ulio na maana kubwa kwa Arua na Koboko, hutolewa kabla ya msimu kuanza.

KUTOKA KAMPALA HADI JIKONI

Sehemu ya pili ya jibu iko ardhini, nayo ni ngumu. Oktoba 2014 Ofisi ya Waziri Mkuu ilifungua mjini Kampala kituo cha taifa cha kuratibu mambo ya dharura. Mkurugenzi wake alikuwa Meja Jenerali Julius Oketta, hadi alipofariki Novemba 2016. Kituo hicho kimetoa taarifa za kila mwezi kuhusu mvua, mazao na hatari zinazokaribia, zikitokana kwa sehemu kubwa na satelaiti. Taarifa hizo ni nzuri. Lakini huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na Koboko watu huongea Kikakwa, Kinubi, Kilugbara na Kiswahili. Neno likivuka lugha tatu hupoteza nguvu kila kivuko. Redio za Arua, mwenyekiti wa kijiji, sheikh, padri, na mke wa koplo mwenye simu, hao ndio mwisho wa waya ulioanzia kilomita 36,000 juu.

Kwa radi hali imekuwa bora. Tarehe 13 Desemba 2022 Ulaya ilirusha Meteosat mpya yenye kamera nne za kutambua mimweko ya radi mchana na usiku, Ulaya na Afrika pamoja. Satelaiti ya zamani zaidi ilikwisha kuonyesha kwamba mahali penye radi nyingi kuliko pote katika Afrika ni Kabare, karibu na Bukavu, mashariki ya Kongo. Sasa mimweko yaweza kufuatwa inapotokea. Lakini onyo la radi huhesabiwa kwa dakika, na hakuna taarifa ya mwezi itakayowahi.

Kwa hiyo nyumbani yafaa mambo machache yajulikane na watoto wenyewe. Kibanda cha nyasi hakimkingi mtu na radi, wala mwembe haumkingi. Mahali pema ni jengo kubwa la matofali lenye nyaya za umeme na mabomba, kama darasa au zahanati, au gari la chuma lililofungwa vioo. Mtoto akiona mmweko na ahesabu taratibu. Ngurumo ikimfikia kabla ya thelathini, radi iko ndani ya kilomita 10 na mpira uachwe. Mchezo usirudiwe mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, anaweza kuguswa bila hofu, na akibonyezwa kifua na kupewa pumzi mapema mara nyingi huokoka.

Mvua zikikoma Desemba, satelaiti hugeuka kutazama moto. Kila siku hupita vyombo vinavyohisi joto na kuweka alama kila mahali nyasi zinapowaka, na habari hupatikana katika muda wa saa tatu hivi. Mama anayechemsha maharagwe asiogope, moto wake hauonekani kutoka huko. Unaoonekana ni ule wa mwindaji au mchungaji aliyewasha kichaka ili majani mapya yaote, upepo wa Januari ukauchukua hadi kwenye mapaa ya jirani. Jamaa wanaofyeka na kusafisha ukanda wa mita kadhaa kuzunguka nyumba zao, na kuweka mtungi wa maji karibu na ghala la simsim, hufanya hivyo mwezi Novemba, nyasi zikiwa bado na unyevu.